Jina la Mzee wa Boma

Asubuhi ya mkutano Marieta Akonaay alivaa gauni lake la kitenge cha bluu, akalivua, akavaa sketi nyeusi, akaivua, halafu akalirudia lile lile gauni la bluu. Ukiona mwanamke msomi anahangaika na kabati namna hiyo, ujue tatizo si nguo. Siku hiyo alikuwa anasimama mbele ya watu wa Gendabi, wilayani Hanang, kuwaeleza alichokipata katika utafiti wake, na kati ya watu hao angekaa Mama Kornelia. Huyo ndiye mama mzazi wa Pascal, kijana aliyetaka kumwoa Marieta. Na huyo huyo ndiye aliyemwambia Marieta usoni kwamba hatakuwa mkwe wake, si mwaka huu wala mwaka mwingine.

Tuanze na huo utafiti, maana ndio ulioleta haya yote. Marieta ni mtoto wa Tumati, kule juu Mbulu kwenye baridi, Mwiraqw wa baba na mama. Alikuja Hanang kwa ajili ya shahada yake ya pili, kuchunguza jinsi watu wanavyoyatafuta maneno kichwani wanapozungumza Kidatoga. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mtu anaonyeshwa picha kwenye kompyuta, anataja anachokiona, na kompyuta inapima amechelewa kiasi gani. Ng'ombe, shoka, mlima, maziwa. Wanaume walitaja bila shida, wasichana ndio usiseme. Waliomchanganya ni wanawake walioolewa. Mtu anakwenda vizuri, picha baada ya picha, halafu ghafla anainamisha kichwa na kunyamaza, au anatoa neno ambalo Marieta hajawahi kulisikia. Msimamizi wake, Dokta Ludovika, alimwelekeza ajaze kama utaratibu unavyotaka: hajui.

Hajui, eti. Mwanamke aliyezaliwa ndani ya lugha, akalelewa nayo, akawabembeleza watoto wake kwa lugha hiyo hiyo, anaambiwa hajui mvua inaitwaje.

Ukweli ulikuwa huu. Kwa Wadatoga, mke akishaolewa halitaji tena jina la baba mkwe wake, wala majina ya wakwe wengine wakubwa, na haishii hapo. Hata neno la kawaida likiwa linafanana na jina hilo, analiacha, anatumia lingine ambalo wanawake wamerithishana wao kwa wao. Msichana asiyeolewa anaruhusiwa kulitaja. Mgeni anaruhusiwa. Mke, hapana. Sasa marehemu mume wa Mama Kornelia alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, na jina alilopewa limeibeba hiyo mvua ndani yake. Jina lenyewe mimi silitaji hapa. Sijakatazwa na mtu, nimeona tu adabu inanipendeza.

Marieta hakuyajua hayo siku alipoingia kwenye boma lile na kompyuta yake. Alimkuta Hilda, mke wa kaka mkubwa wa Pascal, akamwonyesha picha ya mvua, Hilda akanyamaza. Kwa nia njema kabisa Marieta akamsaidia, akalitaja neno yeye mwenyewe kwa Kidatoga chake cha kuungaunga. Halafu akili ikamchangamka, akasema mbona ni kama jina la mzee wa boma hili, akalitaja na jina pia, akarudia kulitaja, huku anacheka kwa furaha ya kugundua kitu. Hilda alijifunika uso kwa khanga. Mama Kornelia alikuwa mlangoni anatikisa kibuyu cha maziwa, na mkono wake ukasimama. Mume wake alikuwa hajamaliza hata mwaka kaburini.

Kwa mgeni si kosa. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemgombeza, na chai alipewa. Lakini kuna mambo ambayo hayamo katika makosa na bado yanauma.

Pascal ndiye aliyemweleza, wakiwa njiani kurudi. Kijana yule alikuwa afisa mifugo wa kata, mrefu, mpole, mwenye macho yanayokutazama mpaka umalize kusema ulichoanza. Alikuwa amejitolea kumtafsiria Marieta kwa sababu kazi yake ilimpitisha kwenye maboma yote. Alisimamisha pikipiki pembeni ya shamba la alizeti, akamweleza taratibu, bila kumkaripia, wala bila kumficha chochote. Marieta alilia pale pale barabarani. Kesho yake alirudi peke yake kwa Hilda, akaomba radhi, akaomba na kitu kingine: afundishwe yale maneno wanayotumia wake walioolewa. Hilda alicheka, akamwuliza ya nini wakati hana mume. Marieta akajibu ni kwa ajili ya utafiti, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Mapenzi yalikuja taratibu tu. Yalikuja kwenye pikipiki, baina ya boma na boma, wakati Pascal anamwambia ashike vizuri, kuna korongo mbele. Yalikuja siku Marieta alipomshikia tochi akimzalisha ng'ombe wa jirani aliyeshindwa kuzaa, wakatazamana juu ya ndama aliyelowa, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kutazama pembeni. Mpaka wanaambiana, Gendabi nzima ilikuwa imeshajua.

Pascal alimpeleka nyumbani kwa heshima zote. Mama Kornelia akamsikiliza mwanawe mpaka mwisho, halafu akajibu kwa Kiswahili, ili na Marieta apate.

“Huyu amekuja kuokota maneno yetu,” alisema. “Akishajaza mfuko ataondoka. Na asipoondoka ni vibaya zaidi. Mdomo wake hauna mlango. Mume wangu atakuwa anaitwa kama mbuzi ndani ya boma lake mwenyewe.”

“Mama, nitamfundisha,” Pascal alisema.

“Heshima ya wakwe haifundishwi na mwanaume.”

Basi. Pascal alibembeleza, kaka yake akabembeleza, padri naye akaja kunywa chai na kubembeleza, na mama akabaki pale pale. Huko Tumati nako hapakuwa pepesi. Mzee Baltazar, baba yake Marieta, alikuwa amemsomesha binti yake kwa kuuza mahindi na madume, na alipopata habari alimwuliza kwa simu kama alisoma ili akachunge Hanang. Lakini mzee yule anampenda mtoto wake. Baada ya kununa kwake alipiga simu tena, akasema mama wa kijana akimkubali, wazee waje, atawapokea. Asipomkubali, Marieta arudi nyumbani mara moja, kwa maana yeye hataki binti yake akaishi mahali anapotazamwa kwa jicho baya. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimening'inia kwenye ulimi wa mwanamke mmoja, na huo ulimi ulikuwa umeshasema hapana. Kazi ya Marieta huko Gendabi ilikuwa inaisha na mkutano ule.

Kulikuwa na jambo lingine. Dokta Ludovika, aliyesafiri kutoka chuoni kuja kuushuhudia mkutano, alikuwa ameshanusa kinachoendelea. Jana yake, wakila wali maharage mjini Katesh, alimwambia Marieta kwa upole lakini bila kuzunguka kwamba mtafiti hachagui upande, na kwamba mtu akianza kuishi ndani ya utafiti wake, chuo kitauliza ni nani anayemchunguza nani. Marieta aliitikia ndiyo, mwalimu. Akaisukuma sahani pembeni.

Mkutano ulikuwa katika darasa la shule ya msingi. Watu walijaa, wazee mbele, vijana wamesimama nyuma, wanawake upande wa madirisha na bangili zao za shaba. Marieta aliwazungukia wakubwa akisalimia. Alipofika kwa Mama Kornelia akapiga magoti kidogo, akasema shikamoo, mama. Mama Kornelia akaitikia marahaba huku anatazama ubao. Pascal alikuwa ameegemea dirisha la mwisho, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Alimtazama Marieta mara moja tu, na mara hiyo moja ilimtosha kusahau sentensi yake ya kwanza.

Akaanza hata hivyo. Alieleza kwa Kiswahili chepesi, akichanganya Kidatoga pale alipoweza, na kila alipochanganya wazee walitabasamu. Alisema alikuja akidhani anapima nani anakumbuka haraka na nani anachelewa. Alisema mashine yake iliwaandika wanawake walioolewa kwamba hawajui, na yeye akaiamini mashine. Hapo wanawake walinung'unika. Akangoja watulie.

“Nilikosea,” alisema. “Ili mtu alikwepe neno, ni lazima alijue kuliko mwingine yeyote. Ni lazima alione linakuja kabla halijafika mdomoni, pamoja na ndugu zake wote, alizuie, atafute lingine, na mazungumzo yasikatike. Mama zangu hapa wanafanya hivyo kutwa nzima, wakiwa wanapika, wanakamua, wanagombeza watoto. Mimi na kompyuta yangu tukaita hiyo kazi kutokujua. Nimemwomba mwalimu wangu tuliondoe hilo neno kwenye matokeo yote, na amekubali.”

Dokta Ludovika akaitikia kwa kichwa. Wanawake walipiga makofi, na mzee mmoja akasema kwamba miaka yote anaishi na mke wake na hakuwahi kufikiri kwamba anachoka kiasi hicho. Darasa likacheka. Marieta akavuta pumzi. Angeweza kushukuru pale na kukaa, na mambo yangekwisha kwa usalama.

Mama Kornelia akasimama.

Hakuwa na haraka. Alijitengeneza khanga begani, akamtazama Marieta kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema amesikia, na amesikia vizuri. Mwanafunzi amesema ameelewa. Yeye ana swali moja tu la kuuliza.

“Mume wangu aliitwa nani?”

Kila aliyekuwemo alielewa, isipokuwa labda Dokta Ludovika. Hilda alifumba macho. Pascal aliondoka dirishani, akapiga hatua, kaka yake akamshika mkono. Lilikuwa swali dogo, mtoto yeyote wa Gendabi angelijibu, na Marieta aliona njia zake zote mara moja. Akilitaja jina, hakuna wa kumlaumu. Atakuwa mgeni mwenye haki yake, mtafiti safi asiyechagua upande, na atapanda basi kurudi chuoni bila Pascal. Akisema halijui, amedanganya mbele ya watu waliomsikia akilitaja. Na akikataa kulitaja, atakuwa amejitangaza mke. Hajachumbiwa, hajaposwa, hakuna mzee aliyekwenda Tumati, na yeye mwenyewe kwa mdomo wake anajiweka ndani ya boma la watu. Mama akimkana baada ya hapo, hakutakuwa na pa kuficha uso, si Hanang wala Mbulu. Aibu hiyo wangeimbiwa hadi wajukuu.

Dokta Ludovika, kwa kumsaidia tu, alimnong'oneza kutoka kiti cha pembeni. “Si unalo kwenye kumbukumbu zako? Mjibu.”

Marieta hakumgeukia.

“Mama,” alisema, “hilo jina mimi siwezi kulitaja.”

“Hulijui?”

“Nalijua. Nililitaja mlangoni kwako nikiwa nacheka, na wewe ulikuwa na msiba. Sijajisamehe mpaka leo. Lakini sasa siwezi.”

“Huwezi kwa nini? Wewe ni mgeni. Mgeni anaruhusiwa.”

“Kwa sababu sitaki kuwa mgeni.”

Huko nyuma vijana waliokuwa wanachezea simu waliziweka chini.

“Nani amekwambia umeolewa?” Mama Kornelia aliuliza. Hakuwa amepaza sauti hata kidogo.

“Hakuna, mama. Hakuna mzee aliyekwenda kwetu, hakuna ng'ombe aliyetoka. Mmekataa, na mna haki. Nimeanza mwenyewe. Tangu siku ile sijalitaja tena, wala lile neno sijalitumia, hata nikiwa chumbani kwangu Katesh peke yangu. Ukinikataa leo nitaondoka, na huko niendako nitaendelea hivyo hivyo. Nilimkosea mzee, na hili ndilo ninaloweza kumpa.”

Mama Kornelia akamgeukia Hilda, akamwuliza kwa Kidatoga. Hilda akainuka na aibu zake, akajibu kwamba ni kweli. Alisema mara ya kwanza alidhani ni mchezo wa wasomi. Lakini msichana huyu akija kumsaidia kuchota maji, wakiwa wawili tu, na wingu likitanda, anasema neno la wake. Na kuna siku alijikwaa, likataka kumtoka lile lingine, akalimeza, akakaa kimya mpaka ndoo zikajaa. Hakuna aliyekuwa anamtazama isipokuwa yeye Hilda, na yeye hakumwambia mtu.

Mama Kornelia alitoka kwenye benchi lake. Wanawake walivuta miguu kumpisha. Alikwenda mpaka mbele, bangili zikilia, akasimama karibu na Marieta kiasi kwamba Marieta alisikia harufu ya moshi na maziwa kwenye khanga yake. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana akiwa mbali. Pascal huko nyuma alikuwa ameshaacha kuvutana na kaka yake. Alikuwa anaomba tu, midomo inamcheza.

“Kosa lako halikuwa kulitaja,” Mama Kornelia alisema. “Walikuja watu wa sensa wakalitaja. Walikuja watu wa chanjo wakalitaja. Wewe ulicheka.”

“Ndiyo, mama.”

“Mimi nililala na ule mcheko masikioni.”

“Ndiyo, mama.”

“Leo unalia.”

Marieta alijigusa shavu na kukuta ni kweli. Mwanamke yule mzee akamtazama muda mrefu, jinsi mama anavyomtazama mtoto aliyerudi nyumbani akiwa mrefu kuliko alivyoondoka. Halafu akanyoosha mkono, akamfuta machozi kwa pindo la khanga yake, shavu moja, kisha la pili, mbele ya kata nzima. Akageuka na kumtafuta mwanawe kwa macho kule dirishani.

“Na wewe,” alimwambia Pascal, “unanitolea macho ya nini? Binti wa watu ameshaanza kuwaheshimu wakwe zake, na wewe hujatuma hata mtu mmoja Tumati. Unataka waseme tumemlea mtu wa namna gani?”

Vigelegele vilipasuka upande wa madirisha na kuvuka uwanja wa shule, mpaka wanafunzi wa madarasa mengine wakatoka nje kuona kuna harusi gani. Pascal alikuja mbele akipita juu ya mabenchi, yeye mpole yule, akakanyaga mguu wa mzee, akaomba radhi bila kusimama. Alipofika hakujua afanye nini na mikono yake mbele ya mama yake, wazee na mwalimu wa watu, akaishia kumshika Marieta mkono kama anayemsalimia kwa mara ya kwanza. Hakuuachia.

“Kesho wazee wanaondoka,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Nikisema kesho namaanisha asubuhi.”

“Baba atakununia kwanza,” Marieta alisema.

“Anune. Nitakaa hapo hapo mpaka amalize.”

Marieta alicheka na kulia kwa pamoja, na furaha ilimjaa kifuani hadi akahisi gauni linambana. Alikuwa ameshinda. Hakumshinda mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Wote waliokuwemo mle walikuwa wameshinda naye. Hata hivyo alimgeukia Dokta Ludovika, maana bado alikuwa na deni la jibu kwake. Msimamizi alikuwa amevua miwani anaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Alisema matokeo yatasimama, lakini majibu ya boma la Mama Kornelia itabidi mtu mwingine ayapitie upya kabla chuo hakijauliza. Akasema kwamba aliwahi kusoma mengi kuhusu jinsi watu wanavyolikwepa neno, na kwamba leo ndiyo mara ya kwanza ameona mtu analikwepa kwa kupenda.

Watu walikuwa wameanza kutoka, birika za chai zinapita, na wazee walikuwa wameshaanza kubishana nani aongoze safari ya Tumati. Mama Kornelia alimwita Hilda kando, akamwuliza amemfundisha mwenzake majina mangapi. Hilda akajibu ni hilo la baba mkwe tu, kwa kuwa hakujua mambo yangefika huku. Mama Kornelia akaguna, akasema kazi bado nzito basi. Kuna babu yake Pascal, kuna baba wakubwa, na jina la kila mmoja wao limeondoka na maneno yake.

Akamtazama Marieta, ambaye alikuwa bado ameshikwa mkono na Pascal, bado na uso uliolowa.

“Ukija jioni kunywa maziwa nyumbani,” alimwambia, “moto nao usiutaje.”